Meza iliyo mbele ya mlango wa mkuu

Ilikuwa Februari 1994, mvua zimeikata barabara ya Tunduru, mzee mmoja aliposimama mbele ya meza yangu akiwa na matope hadi magotini. Alivua kofia. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Binti, nimeitwa na mkubwa."

"Una barua, babu?"

"Sina. Niliambiwa kwa mdomo. Kijana wenu ndiye aliyenikuta shambani."

Nilifungua diari. Jina lake halikuwamo. Mkuu wangu alikuwa ndani na wageni, na kabla ya kufunga mlango alikuwa ameniambia maneno matatu tu: asiingie mtu yeyote. Nikamwambia mzee arudi kesho. Akaniambia kwamba hana pa kulala Songea, na kwamba lori lililomleta linageuza saa sita mchana. Nilimwambia tena arudi kesho. Alivaa kofia yake akaenda.

Saa kumi jioni mkuu alitoka akauliza, "Yule mzee wa Tunduru hajafika?"

Alikuwa shahidi pekee aliye hai aliyejua mpaka wa shamba lililokuwa likigombewa na familia mbili. Kikao cha kuamua kilikaa wiki mbili baadaye bila neno lake. Ofisi hiyo siitaji, na mkuu yule pia simtaji, kwa kuwa hakunigombeza hata kidogo. Alisema, "Nilisahau kukuambia." Miaka zaidi ya thelathini imepita na sentensi hiyo bado iko kichwani mwangu, kwa sababu nimeisikia tena na tena kutoka kwa wakuu tofauti, na kila ilipotamkwa kulikuwa na mtu mwingine aliyelipa gharama.

Nimefanya kazi ya ukatibu kwa miaka 33, kuanzia 1990 hadi nilipostaafu kwa hiari mwaka 2023 nikiwa na miaka 55. Siku hizi, Jumanne na Alhamisi asubuhi, ninafundisha vijana barazani kwangu hapa Msamala: mabinti sita na mvulana mmoja anayetoka Lizaboni kwa miguu. Ninaandika makala haya kwa ajili yao, na zaidi kwa ajili ya watu watakaowaajiri. Nina jambo moja la kusema. Katibu asiyeambiwa jambo hawezi kulilinda jambo hilo, na ofisi nyingi za mkoa wetu zinawaweka makatibu wao gizani halafu zinalalamika kwamba hawana msaada.

Nilipoingia kazini tuliitwa makatibu muhtasi. Baadaye tukawa makatibu mahsusi. Mitaani tumebaki kuwa masekretari. Sasa matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanamwita mtu wa kada yetu Mwandishi Mwendesha Ofisi, na yanamtaka awe na stashahada ya uhazili, awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 100 kwa dakika moja, na awe anazijua programu za kompyuta. Jina hilo nimelitafakari sana. Mwendesha ofisi. Dereva naye ni mwendesha gari, na sijawahi kuona mtu akimkabidhi dereva usukani kisha akamfunga kitambaa machoni.

Soma orodha ya majukumu yanayoandikwa chini ya jina hilo. Kupokea wageni na kuwasaili shida zao. Kutunza kumbukumbu za miadi, vikao na safari za mkuu. Kumtafutia mkuu majalada anayoyahitaji. Kufikisha maelekezo ya mkuu kwa wasaidizi wake na kumrudishia taarifa kutoka kwao. Katika hayo yote, kuchapa barua ni kazi moja tu, na ndiyo kazi pekee inayoweza kufanywa na mtu asiyejua kinachoendelea. Utamsaili vipi mgeni kuhusu shida yake kama hujui ofisi imeahidi nini kijijini kwake? Utampa mkuu jalada gani kama hujui kikao cha saa nne kinahusu nini?

Wazee wanaosoma gazeti hili wanamkumbuka Joan Wicken, Mwingereza aliyekuwa msaidizi binafsi wa Mwalimu Nyerere tangu 1960. Alikuwa naye kwa zaidi ya miaka 30. Alisaidia kuanzishwa kwa Chuo cha Kivukoni kilichofunguliwa 1961, akashiriki kuandaa hotuba za Mwalimu, na hakutafuta umaarufu. Niliposikia habari zake nikiwa chuoni Tabora, kilichonigusa hakikuwa cheo cha aliyemsaidia. Kilichonigusa ni kwamba aliaminiwa na mawazo yakiwa bado hayajaiva, yakiwa rasimu, yamejaa kufutwa na kuandikwa upya. Huwezi kumwandalia mtu hotuba kama unachopewa ni karatasi ya mwisho ya kuchapa. Sisemi kila ofisi ya kata ihitaji Joan Wicken. Nasema mkuu wa nchi aliona faida ya kumwambia msaidizi wake mambo, na meneja wa ghala la mahindi Ruhuwiko hana sababu ya kuona aibu kufanya vivyo hivyo.

Mimi mwenyewe nilionja jambo hilo mwaka 2005, alipokuja mkuu mpya, mwanamke. Siku ya kwanza aliniita ndani saa moja na nusu, akanionyesha kiti. Kiti! Kwa miaka 15 nilikuwa nimezoea kusimama na daftari. Akasema, "Dada, kila siku tutakaa hapa dakika kumi, mimi na wewe, kabla simu hazijaanza." Na kila siku tulikaa. Aliniuliza maswali matatu, hayohayo, kwa miaka sita. Leo nani anakuja? Jana tuliahidi nini? Kitu gani kisitoke humu ndani?

Swali la kwanza lilinifanya niwajue wageni kabla hawajafika. La pili lilinifanya nianze daftari ambalo nitalieleza hivi punde. La tatu ndilo lililobadilisha kazi yangu, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliambiwa siri kwa heshima badala ya kuzivumbua kwa kuchungulia barua ninayoichapa. Watu hudhani katibu anayeambiwa mambo ndiye anayevujisha. Kwa niliyoyaona, anayevujisha ni yule aliyeokota nusu ya habari, hajui uzito wake, na hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni siri. Ukiniambia, "Hili libaki kati yetu hadi Ijumaa," umenipa dhamana, na nitailinda.

Katika miaka ile sita hakuna mgeni hata mmoja aliyerudishwa kwa makosa. Nalisema hili nikiwa na hakika, kwa kuwa madaftari ninayo.

Sasa daftari. Vijana wangu wakija siku ya kwanza huwa wanauliza kuhusu kompyuta, nami nawatuma dukani wakanunue kaunta buku. Kila ukurasa tunaupigia safu tano za kusimama. Tarehe. Jambo. Nani anahusika. Lini limalizike. Safu ya mwisho haiandikwi chochote hadi jambo liishe, na likiisha unaandika limeishaje, kwa kalamu nyekundu. Mtu akipiga simu kuuliza mbolea ya ruzuku ya kijiji chake, andika. Mkuu akimwambia mgeni koridoni, "Nitakupigia wiki ijayo," na wewe umesikia, andika. Ahadi nyingi za ofisi hutolewa koridoni, wakati mkuu anafunga vifungo vya koti, na hakuna mwingine atakayezikumbuka. Ijumaa saa nane mchana unapitia safu ya mwisho, unaona mapengo, unampelekea mkuu orodha fupi ya yaliyokwama. Kompyuta ina kalenda nzuri na ninawafundisha kuitumia, lakini kalenda inakukumbusha miadi, haikukumbushi ahadi iliyotolewa mlangoni.

Ukilizoea daftari hilo, muhtasari wa kikao hautakusumbua. Kila aliyewahi kukaa kwenye vikao vya serikali anaijua ajenda ya yatokanayo. Ndipo watu wanapoulizwa walichoahidi kikao kilichopita, na ndipo unapojua kama katibu alikuwa anaandika au alikuwa anahudhuria tu. Ukiandika "Kikao kilijadili suala la maji kwa kina," umeandika hewa. Andika nani atafanya nini na kabla ya tarehe gani. Uandike siku ileile, hata kama ni saa mbili usiku, maana kesho utakumbuka sauti za watu na utakuwa umesahau walichokubaliana.

Kuhusu wageni nitasema kirefu kidogo, kwa sababu ya yule mzee. Mkoa wetu ni mpana. Kutoka Tunduru hadi Songea ni zaidi ya kilometa 250. Kutoka Mbamba Bay, ziwani Nyasa, ni zaidi ya 160, unapanda milima ya Umatengo na kupita Mbinga. Siku hizi kuna lami na mabasi, lakini nauli ni ileile fedha ya mahindi au kahawa aliyouza mtu. Kwa hiyo swali la kwanza ninalowafundisha vijana kumuuliza mgeni, baada ya salamu na baada ya kumpa mahali pa kukaa, ni umetoka wapi. La pili ni unarudi lini, na kwa usafiri gani. Baada ya hapo ndipo uulize jina na shida. Mtu wa Mfaranyaki anaweza kurudi kesho kwa bodaboda. Mtu wa Mbamba Bay hawezi, na wewe uliyekaa kwenye meza ile ndiye pekee unayeweza kumnong'oneza mkuu jambo hilo. Aliyetoka mbali huingia kwanza. Nimegombana na madiwani, na mara moja na mfanyabiashara mkubwa wa mjini, kwa ajili ya kanuni hiyo, na sijutii.

Usidanganye pia kwamba mkuu hayupo. Mji wetu ni mdogo, gari lake liko pale nje chini ya mwembe na kila mtu analifahamu. Sema yuko kikaoni, atatoka saa tisa, na unaweza kumsubiri au kuniachia shida yako niiandike. Mtu aliyeandikiwa shida yake mbele ya macho yake huondoka na moyo tofauti.

Kuna wiki moja kila mwaka ambapo ofisi za Songea hupimwa. Tarehe 27 Februari tunawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa siku hiyo mwaka 1906, na wageni huja kutoka kila upande kwenye makumbusho pale Mahenge: viongozi wa serikali, wazee wa mila, majeshi, wanafunzi. Barua za mialiko hupita mikononi mwa makatibu. Orodha za nani anakaa wapi, nani anazungumza baada ya nani, mzee gani hawezi kupanda ngazi na anahitaji kiti cha chini, zote hutoka kwenye meza hizi zetu. Mwaka mmoja niliona katibu kijana amepewa orodha ya majina ayachape bila maelezo yoyote. Aliyapanga kwa alfabeti, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa chuoni. Wazee waliostahili safu ya mbele wakajikuta nyuma ya vijana wa itifaki. Alilaumiwa yeye. Hakuna aliyekumbuka kwamba hakuna aliyemwambia wale wazee ni kina nani.

Nije kwenye jambo linaloniogopesha zaidi kuliko yote, nalo ni nywila.

Kazi za serikali zimehamia kwenye mifumo. Majalada yanatembea kwenye e-Ofisi, watumishi wanaomba likizo na kujaza malengo yao ya kazi kwenye kompyuta. Ni hatua njema. Nimebeba majalada ya kutosha kwenye ngazi kuweza kushukuru. Lakini wakuu wengi, hasa wa umri wangu, hawana subira na mifumo, na wanachofanya ni kuandika nywila yao kwenye kikaratasi na kumpa katibu: "Niidhinishie hayo." Binti anaona ameaminiwa. Anaidhinisha likizo, anapitisha dokezo, anapeleka jalada mbele kwa jina la mkuu. Siku hesabu isipokaa sawa, au dokezo likipita ambalo halikupaswa kupita, mkuu atasema hakuidhinisha yeye, na atakuwa anasema kweli. Nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na kuingia kwenye mfumo kwa utambulisho wa mtu mwingine si mzaha wa ofisini.

Nawafundisha vijana namna ya kukataa. Si rahisi kwa binti wa miaka 22 kumkatalia mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Kwa hiyo tunafanya mazoezi hapa barazani, mmoja anakuwa mkuu, mwingine katibu. "Bosi, naomba nikufungulie mfumo, nikuandalie yote yanayosubiri, wewe ukae dakika tano ubonyeze mwenyewe. Nitakuwa pembeni." Mara nyingi inatosha. Na mkuu unayesoma hapa, nakuomba: kumpa katibu wako habari ni kumwamini, lakini kumpa nywila yako ni kumtwika jukumu la kwako kwenye mabega yake. Usivichanganye.

Vivyo hivyo kupiga picha barua kwa simu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Barua yenye jina la mgonjwa, namba ya simu ya mlalamikaji au mshahara wa mtumishi ni mali ya mtu. Katika ofisi nyingi, wa kwanza kuishika ni katibu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi makatibu wanawake tumelisema kwa kunong'onezana kwa miaka mingi, na umri wangu sasa unaniruhusu kulisema kwa sauti. Binti anayeitwa kuchukua imla saa moja usiku kwenye chumba cha nyumba ya wageni haitwi kazini. Anayeahidiwa ajira ya kudumu au safari ya mafunzo kwa masharti ya mwili anaombwa rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 imelitaja kosa hilo waziwazi. TAKUKURU wana ofisi hapahapa Songea. Katika vijana niliowafundisha wawili waliacha kazi kwa sababu hiyo, wote walikuwa hodari. Mmoja anauza vitenge Majengo. Ninapopita dukani kwake naona daftari lake la mikopo limepigwa safu tano, kama nilivyomfundisha, na roho inaniuma.

Kwa walioajiriwa na watu binafsi, kwenye maduka makubwa ya pembejeo, shule na kampuni za usafirishaji, mjue pia haki zenu za saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Uzeni saa zenu kwa heshima. Daftari lenye tarehe na saa ya kutoka litakusaidia siku ya mazungumzo, ilmradi umeliandika kila siku na si siku ya hasira.

Watu huniuliza kama hatimkato bado ina maana. Mvulana wangu wa Lizaboni anaipenda kama muziki, vidole vyake vinacheza. Wengine wanaona ni mateso. Nilijifunza Chuo cha Uhazili Tabora mwaka 1988, baada ya safari ya basi hadi Dodoma na treni ya Reli ya Kati usiku kucha, na nilirudi Songea kufanya kazi kwenye mji wa umeme wa mitambo ya mafuta. Umeme ukikatika, penseli haikatiki. Gridi ya Taifa ilipotufikia kutoka Makambako mwaka 2018 nililia machozi, nilikuwa na taarifa nne za kuchapa. Kwa hiyo sijidai kwamba zamani kulikuwa bora. Vijana wananionyesha simu inayorekodi kikao kizima, kisha programu ikaandika maneno yenyewe. Itumieni, ikiwa kikao kimeruhusu. Lakini jiulizeni maneno yale yanahifadhiwa kwenye kompyuta ya nani, nchi gani. Na mjue kwamba rekodi ya saa tatu bado inasubiri mtu anayejua ni dakika zipi mbili zilizobeba uamuzi. Mtu huyo ni yule aliyeambiwa asubuhi kikao kinahusu nini.

Kuhusu masomo, hali ya Ruvuma inanisikitisha. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Dar es Salaam, Tabora, Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya. Sisi tuko katikati ya Mbeya na Mtwara, hatuna. Mkoa una halmashauri nane, kila moja ina idara, kila idara ina meza mbele ya mlango, na hapo sijahesabu hospitali, misheni, benki na vyama vya ushirika. Ningependa kuona darasa la jioni la uhazili Songea, kwa waliokwisha ajiriwa na cheti na wanaotaka stashahada, wasilazimike kuacha watoto na kwenda kupanga chumba Mbeya kwa miaka miwili. Vyumba vya madarasa tunavyo, vinafungwa saa tisa na nusu mchana. Walimu wastaafu tupo, na mimi najitolea kuanza.

Na kila mwaka chama chetu, TAPSEA, hufanya mkutano mkuu. Makatibu hukusanyika, husikiliza wataalamu wa mifumo, sheria na kumbukumbu, hubadilishana namba za simu, hurudi na mawazo. Nilihudhuria mara nne katika utumishi wangu wote. Nyakati nyingine barua ya maombi yangu ilirudi imeandikwa kwa kalamu, "Hakuna fungu." Fungu la kumpeleka dereva kozi lilikuwepo, na la mhasibu lilikuwepo, na ni sawa yawepo. Ninachouliza ni kwa nini mtu anayepanga siku nzima ya mkuu, anayejua majalada yote yako wapi, aonekane hahitaji kujifunza chochote tangu siku alipotoka chuoni. Binti unayesoma, omba hata kama utakataliwa. Omba kwa maandishi, mapema, kabla bajeti haijapangwa, uambatanishe ratiba na gharama, ueleze utakaporudi utawafundisha wenzako nini. Weka nakala. Mwaka wa tatu yule anayekataa ataanza kuona haya.

Juma lililopita mmoja wa wanafunzi wangu aliripoti kazi yake ya kwanza, Mbinga. Alinipigia jioni, sauti iko chini.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Huko kukoje?"

"Baridi. Mama, bosi amenikabidhi funguo za kabati la chuma. Lakini hajaniambia ndani kuna nini."

"Ulimuuliza?"

"Niliogopa."

Nikamuuliza mkuu wake huingia ofisini saa ngapi. Akasema saa moja na nusu. Nikamwambia basi kesho yeye afike saa moja na robo, afagie kidogo kama kuna vumbi, afungue kaunta buku ukurasa mpya, apige safu tano. Mkuu akiingia amwamkie, amwache avue koti. Kisha agonge mlango.

"Nikishagonga niseme nini?"

"Sema, 'Bosi, naomba dakika kumi.' Ukimaliza kusema, kaa kimya umsubiri."

Alinyamaza. Nilisikia kalamu ikiandika.

"Dakika kumi," alirudia. "Na kama hakuna kiti?"

"Ingia na cha kwako."